Mkoba Uliotuma Salamu

Mnataka hadithi tena? Jana niliwasimulia, nilipofika kwenye utamu nikasikia watu wanakoroma, hadithi nikammalizia mbuzi. Mbuzi walau alicheua. Na leo mgongo unaniuma na kunde hazijachambuliwa. Haya, kila mtu ashike ungo achambue, anayesinzia nitamjua kwa kunde zake. Paukwa?

Pakawa.

Pakawa mlima mrefu na migongo mitupu. Njooni tupande.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, kileleni mwa mlima mmoja palikuwa na mwamba wa chumvi. Kila mwaka, siku moja tu, mwezi ulipoandama, wanyama walipanda asubuhi, wakamega chumvi, wakashuka kabla jua halijazama. Aliyerudi mtupu, watoto wake walilamba mawe mwaka mzima.

Basi alikuwako Bi Nguchiro, mfupi wa miguu, mrefu wa ulimi. Mwaka uliotangulia alichukua kwa Ngedere mkoba wa gome la mti, mbio mbio, bila kuuliza ulikotoka. Wakati wa kushuka mkanda ukakatika, chumvi ikamwagika mtoni. Kufika nyumbani, akaukuta mti wa mrihi uliompa kivuli mlangoni umekauka. Ngedere alikuwa ameuchuna, na yeye Bi Nguchiro alikuwa amelibeba gome lake mgongoni siku nzima. Watoto wake watano wakashinda juani, wakilamba mawe.

Akaapa kwamba safari hii hataubeba mkoba ambao hamjui mama yake, yaani mmea uliouzaa.

Siku kumi kabla ya mwezi kuandama akaenda kwa Ngedere. Ngedere alikuwa ametundika mikoba tawini, kila mmoja kauchomeka jani bichi ili unukie msitu. Bei yake ilikuwa mkungu wa ndizi. Akamsifia mkoba wa katani hadi mate yakamkauka. Bi Nguchiro hakumsikiliza. Aliuinamia mkoba akauimbia:

Mkoba, mkoba wa mgongo,
aliyekuzaa yu hai?

Ngedere akajibanza nyuma ya mkoba, akabana pua, akatoa kijisauti: "Yu hai, mzima wa afya, anakusalimu."

Sasa, kwao salamu haikuachwa ilale. Ukisalimiwa, unaondoka kwenda kuitikia. Bi Nguchiro akauliza mkonge wenyewe uko wapi. Ngedere akamwonyesha kilimani kwa kidole, akijua hakuna atakayejisumbua. Bi Nguchiro akaenda. Akakuta shimo. Mkonge ulikuwa umeng'olewa pamoja na mizizi yake, siafu wamehamia. Akaliambia shimo kwamba salamu zimefika, akarudi zake.

Kesho yake akaenda tena. Safari hii ulikuwa mkoba wa gome.

Mkoba, mkoba wa mgongo,
aliyekuzaa yu hai?

"Yu hai, mzima wa afya, anakusalimu."

Akaenda kuitikia. Akaukuta mti umechunwa pande zote, umesimama uchi kama mzee aliyeibiwa nguo mtoni. Akatoa salamu, akarudi zake.

Siku ya tatu Ngedere akajifanya mjanja zaidi. Akatoa mkoba wa ukindu, mweupe, laini, akasema huu umesukwa kwa makuti yaliyoanguka yenyewe. Bi Nguchiro akaukunja mkanda wake. Mkanda ukalala kama sikio la mtoto. Naye alijua, kama ajuavyo kila aliyewahi kusuka hata kipepeo cha kupepea moto, kwamba kuti lililoanguka lenyewe ukilikunja linavunjika. Ukindu mweupe laini hutoka kwenye kuti la moyo, lile changa ambalo halijafunuka.

Siku hiyo pale palikuwa pamejaa, Fisi anajipima mikanda, Ngiri anahesabu ndizi. Bi Nguchiro akapaza sauti, akaimba. Mkoba ukajibu, wote wakasikia.

Akawageukia. "Jamani, mama mtu katusalimu sote. Tutakaa hapa kama tusio na adabu?"

Ngedere akasema mama yuko mbali. Ngiri akasema miguu ni yao. Ngedere akasema mama amelala. Fisi akasema watamwamsha. Ngedere akasema mama ni mkali kwa wageni.

"Basi tangulia wewe," Bi Nguchiro akamwambia, "wewe anakujua."

Wakaenda wakiimba na kucheza mpaka kijitoni. Huko wakakuta mikindu kumi na miwili, yote imekatwa moyo, yote imekufa. Viota vya Mnana, yule ndege msusi, vilikuwa matopeni, na Mnana na mkewe wamekaa juu ya kisiki.

Fisi, ambaye akili yake huja kwa mkongojo, akauliza: "Sasa aliyetusalimu ni nani?"

Macho yote kwa Ngedere.

Ng'ambo ya kijito mikindu ilikuwa imenawiri. Huko ndiko Mnana alikochukua ukindu wa kusukia mikoba yake. Kila mti aliukata kuti moja la moyo, hakuurudia mpaka mengine mawili yafunuke. Bi Nguchiro akamwagiza mkoba. Mnana akasema siku saba, asiye na subira aende kwa wenye haraka, na mkanda ukifumuka siku yoyote aulete, atausuka upya. Fisi akagoma kungoja, akang'ang'ania mkoba wa Ngedere kwa kuwa ndizi alizomlipa zilikuwa zimeshaliwa.

Mwezi ukaandama, wakapanda. Wakati wa kushuka, palepale mtoni, mkanda wa Fisi ukasema pwa. Chumvi wakala samaki. Bi Nguchiro akapita na mkoba wake, haujalegea uzi, akiimba. Watoto wake watano walilamba chumvi mpaka wakapiga chafya. Bonge moja akawapelekea watoto wa Fisi, akasema ni kwa ajili yao, si ya baba yao.

Mmesikia, nyie mnaopenda vya kung'aa? Kabla hujakitia kitu mgongoni, nenda kamwone aliyekitoa. Na anayemjibia mwenzake salamu, mchunguze.

Hadithi nimeitua hapa, mwenye nguvu aitwike. Ngedere yeye alitwikwa siku ileile ya kijitoni. Alipewa na wenzake kokwa kumi na mbili za mkindu azipande, na mavi ya tembo ayabebe kila asubuhi kuzirutubishia, katika mikoba yake mwenyewe, ile ya mikanda ya kukatika, mpaka mkindu wa mwisho ufunue kuti la tatu. Na mkindu, wajukuu zangu, hauna haraka.