Jina Moja kwenye Kona ya Karatasi

Sogeeni huku, mkeka ni mpana. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye simu aizime, na wewe unayetafuna muwa, umalize kwanza. Nataka kimya. Hadithi hii nikiisimulia mimi hukasirika, na sipendi kukasirishwa mara mbili.

Walikuwapo wanawake watatu milimani Upare, kwenye kijiji cha wakulima wa tangawizi. Nakijwa alijaliwa maneno. Akikusema, unacheka kwanza, maumivu unayasikia ukifika kwako. Namkunda alijaliwa sauti. Kigugumizi kilimtesa hata kwenye salamu, lakini akiimba hakuna kilichokwama. Eliapenda hakuwa na maneno wala sauti. Yeye alijaliwa kutosahau.

Na alikuwapo Naelijwa, mjukuu wa Nakijwa, aliyesomea muziki chuo kikuu akahitimu. Miaka mitatu alifundishwa watunzi, wote wanaume. Siku moja akauliza, wanawake je, walitunga nini? Mwalimu wake akafikiri kidogo, akasema, "Walibembeleza watoto." Jibu hilo akarudi nalo nyumbani, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili ya kwanza akaketi kanisani, benchi la nyuma. Kwaya ikasimama, ikaanza wimbo, na kwenye mstari wa pili mwili ukamsisimka. Wimbo ule aliujua. Bibi yake alikuwa akimwimbia huku akimwosha miguu, na kumsimulia ulivyotungwa na akina nani. Ila penye "tope" wao waliimba "dhambi". Akamwomba mwanakwaya mmoja karatasi ya nota. Juu, kona ya kulia, mahali pa jina la mtunzi, pameandikwa: Mwalimu Elinihaki.

Sasa sikilizeni wimbo huo ulikotoka.

Kijijini pale kuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Zamani kila mwaka ilijaa tope, na baragumu likilia, watu wote walitoka kuzoa tope hilo. Mwaka mmoja msimamizi akawapanga wanawake peke yao, yeye akaenda kunywa dengelua, ile pombe ya miwa. Nakijwa, tope limemfika magotini, akatunga maneno:

Pokea, dada, usiliangushe,
tope la leo ni maji ya kesho.
Aliyetutuma kaenda kunywa,
akirudi atauliza maji yako wapi.

Bila Nakijwa, wangezoa tope kimya, na msimamizi angelewa kwa amani.

Lakini maneno yale peke yake yalikuwa matusi tu. Namkunda ndiye aliyeyatia sauti. Aliupima wimbo kwa mikono: karai likipokewa sauti inapanda, likitolewa inashuka, hata wanawake arobaini wakawa wanavuta pumzi pamoja. Msimamizi aliporudi alisimama ukingoni akitikisa kichwa kwa raha, hajui kuwa anayesemwa ni yeye. Bila Namkunda, Nakijwa angetozwa mbuzi, na wimbo ungeishia palepale kwenye tope.

Kisha ndiva ikajengewa saruji. Tope likaisha, baragumu likanyamaza, wimbo ukakosa kazi. Nakijwa akafa. Namkunda akazeeka, akili ikamtoka. Akabaki Eliapenda. Miaka kumi na mitano aliuimba peke yake akipalilia tangawizi, neno kwa neno, na kijiji kizima kilimsikia.

"Bibi, wimbo huo wa nini, na tope halipo?" vijana walimtania.

"Na wewe wa nini, na kazi huna?" akawajibu, jembe halijasimama.

Bila Eliapenda, wimbo ungekauka pamoja na ile saruji.

Na Mwalimu Elinihaki? Yeye alisimama juu ya shamba la Eliapenda, daftari mkononi, akaandika alichosikia, akabadilisha neno hapa na pale ili liingie kanisani. Na kwenye kwaya ile desturi ilikuwa moja: aliyeandika nota ndiye mtunzi. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi, utadhani wimbo huzaliwa siku unapoandikwa.

Ibada ilipokwisha, Naelijwa akaingia kwenye kikao cha kwaya, karatasi mkononi.

"Mwalimu, wimbo huu uliutoa wapi?"

"Niliuokota, binti yangu. Ungepotea."

"Uliuokota kinywani mwa mtu mzima aliyekuwa akipalilia. Hata kumsalimu ulishindwa?"

"Nilimsalimu vizuri sana."

"Jina ulimuuliza?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta. "Nyimbo za akina mama hazina mwenyewe. Zinakuja, zinapita. Wewe uliyesoma unalijua hilo."

Kupita Naelijwa anakujua. Sauti hukatika. Kaburi la bibi yake mvua imelisawazisha hadi watu wanalikanyaga wakienda dukani. Lakini mbona kupita huku kunachagua? Wanawake arobaini wamepita, na jina la Mwalimu limebaki, tena limepigwa mstari chini.

"Hazikupita," akasema. "Mmezihamishia kwenu."

Mwenyekiti, Mzee Mbwambo, akagonga meza. Kitabu cha nyimbo cha dayosisi kilikuwa kinakwenda kuchapwa kesho yake.

"Mwalimu kakiri aliuokota, basi tunamfuta," akasema. "Maneno ya zamani tunayarudisha. Ila kona ni ya jina moja, ndivyo tulivyoagizwa. Tutajie."

"Andikeni wanawake wa ndiva."

"Wanawake si jina, mwanangu. Nakupa nusu saa. Tukifunga kikao huna jina, la Mwalimu linabaki."

Naelijwa akatoka mbio mpaka kwa Namkunda. Akamkuta ameketi juani, akamwimbia wimbo mwanzo hadi mwisho. Namkunda akasikiliza, kiganja kikipanda na kushuka.

"Wi-wimbo mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Wako, bibi."

"Ha-hapana. Mimi siwezi ki-kitu kama hicho."

Akateremka mpaka kwa Eliapenda. Huyo hakungoja kuimbiwa.

"Niandike mimi. Nakijwa hayupo, Namkunda hajijui. Mimi ndiye nitakayeliona jina. Kusoma sijui, lakini nitaonyeshwa lilipo."

"Bibi, wewe hukuutunga."

"Kuutunga kulikuwa kwa asubuhi moja. Mimi nimeubeba miaka kumi na mitano, nikaitwa kichaa. Au unataka kumwandika bibi yako? Sema tu, sitakupiga."

Kweli, jina la Nakijwa ndilo lililokuwa moyoni mwa Naelijwa tangu kanisani.

"Haya," Eliapenda akasema. "Ukimwandika wa damu yako kwa kuwa kalamu iko mkononi mwako, utakuwa umemzidi nini Elinihaki?"

Naelijwa akapanda kilima, machozi ya hasira yakimtoka, hasira ya kulazimishwa kufuta wawili ili abaki mmoja. Akaingia kikaoni, akachukua kalamu, akaandika jina.

Kitabu kikachapwa. Mwalimu Elinihaki akasusa, na kwaya akairithi Naelijwa, anaifundisha mpaka leo. Ukoo mmoja ukarithi kona ya karatasi. Koo mbili zikarithi kinyongo, hata moto wa kuwashia jiko haziombani na ule mmoja. Ni ukoo upi, siwaambii, kwa sababu mtamfuata Naelijwa badala ya kufikiri wenyewe.

Basi semeni. Nakijwa alitoa maneno, Namkunda akatoa sauti, Eliapenda akatoa miaka yake. Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, na Mzee Mbwambo anatazama saa, ungeandika jina la nani?