Sange na Vibuyu vya Sauti

Paukwa!

Pakawa!

Nina kinywa kimoja na maneno mengi.

Yamwage, tuna masikio mawili mawili!

Hapo kale Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa fundi wa kuhifadhi sauti. Mnyama huimba ndani ya kibuyu, Sange hukiziba, pu! Kisha hufunga ukili shingoni mwa kibuyu: fundo moja Simba, mawili Chura, matatu Kwale, kila sauti na alama yake. Vibuyu havikufunguliwa ovyo. Sauti ikitoka, imetoka.

Siku moja akaja Kiboko, ti! ti! ti!

"We Sange! Nipe ngurumo ya Simba. Kesho wanyama wanachagua mkubwa wao."

"Bwana Kiboko, ile ina mwenyewe."

"Nitakukanyaga wewe, nikanyage na vibuyu vyako!"

"Basi kaoge kwanza, bwana wangu. Ukirudi utaichukua."

Kiboko kwenda, Sange akafungua ukili huu, akaufunga kule. Akafungua ule, akaufunga huku. Fungua, funga, fungua, funga, mbio mbio, anacheka kwi kwi kwi.

"Nitakumbuka," akajiambia.

Kiboko akarudi, akachukua kibuyu cha fundo moja. Kwa tamaa akabeba na kingine. "Hiki cha akiba."

Kesho yake, mbele ya wanyama wote, akafungua cha kwanza. Po!

"Kroo! Kroo! Kroo!"

Wanyama wakaangua kicheko. Kiboko, jasho linamtiririka, akafungua cha pili. Po!

"Lala, mwanangu, lala, mvua itapita..."

"Anatubembeleza!" wakapiga kelele. Sange ndiye aliyecheka kuliko wote. Mara akaruka mbele. Ile ilikuwa sauti ya mama yake, aliyekufa mwaka wa njaa.

"Kizibe! Bwana Kiboko, nakuomba, kizibe!"

Nani amsikie katika zogo lile? Sauti ikapanda na vumbi, ikapungua, ikaisha. Kiboko akakimbilia mtoni kwa aibu, chubwi! Wanyama wakambeba Sange juu juu, hoihoi na vigelegele. Akawaomba wamshushe.

Nyumbani akavitikisa vibuyu vilivyobaki. Akavinusa. Akaweka sikio. Kimya.

Bi Kwale akabisha hodi. "Sange, binti yetu anaolewa. Nipe kibuyu cha marehemu mume wangu. Alimwachia mwanawe maneno ya baraka."

"Njoo kesho, Bi Kwale."

Kesho yake akaja. "Njoo kesho, Bi Kwale."

Siku ya tatu akaja amekwisha vaa nguo za harusi. Akamtazama Sange, akauliza polepole, "Umempoteza?"

Sange akainamisha pua. "Yumo humu humu ndani, dada yangu. Sijui tu ni kipi."

Bi Kwale akageuka pale mlangoni. Kisha akaenda harusini mikono mitupu.

Basi wanangu, funzo ni hili: ukiwa mjanja, usihangaike na alama. Akili inatosha.

Hadithi yangu nimeifunga. Ikiwafaa, ihifadhini, mkisahau mmeiweka wapi, msije kwangu.