Simu za Fundi Saa

Enzi hizo simu ya nyumbani ilikaa sebuleni juu ya kimeza chake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Ikilia, Chiriku ndiye aliyeiwahi. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi saa, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mtu hajamaliza swali, jibu limeshamfikia.

Fundi saa hakumchapa wala hakumkaripia. Jioni moja moja alipiga simu nyumbani kutoka duka lililo jirani na kibanda chake, amebadili sauti. Leo ni bibi kizee asiyesikia vizuri, kesho ni mteja aliyefura kwa hasira.

"Saa yangu mmeiharibu. Mnaniona mjinga?"

"Baba, nimeshakujua," Chiriku alicheka.

"Baba yako simjui mimi. Ngoja nimalize, kisha niambie umesikia nini, ndipo unijibu."

Kaka zake walimcheka hadi mbavu zikawauma. Yeye alinuna mwanzoni, halafu akaanza kuzisubiri simu zile kwa hamu. Hakuna mchezo alioupenda kama huo.

Miaka ikayoyoma, fundi saa akaaga dunia. Chiriku alihitimu vizuri, lakini usaili ulimzungusha mpaka akakaribia kukata tamaa. Mwishowe kampuni ya mabasi ikampa siku moja ya majaribio kwenye meza ya malalamiko. Nafasi ilikuwa moja, nao walikuwa wawili.

Mwenzake ndiye aliyepokea simu ya kwanza. Mama mmoja alifoka kwamba sanduku lake halikufika. Kijana akamkatiza, akamsomea masharti ya tiketi. Mama akazidi kuwaka. Msimamizi akaichukua simu, akamkabidhi Chiriku.

Chiriku alinyamaza, akamwacha mama atoe yote ya moyoni.

"Pole sana, mama," alisema taratibu. "Nimesikia kuwa sanduku lina nguo za mwanao, na kesho anaripoti chuoni. Ndivyo?"

"Ndivyo, mwanangu." Sauti ikalegea. Kwa utulivu, mama akataja basi alilosafiria, na sanduku likapatikana kituo cha mwisho. Lingerudishwa jioni ileile.

"Nani alikufundisha kusikiliza hivi?" msimamizi aliuliza.

Machozi yalimtangulia Chiriku. Angetoa chochote asikie tena ile sauti ya kuigiza.

"Marehemu baba. Nilikuwa mdogo."

"Basi kesho uje kazini. Nafasi ni yako."

Fundi saa aliondoka mapema, lakini kwa bintiye hakuchelewa: udongo uwahi ungali maji.