Jina Moja la Kuingia Nalo

Sogeeni, na asiyetaka kuumizwa kichwa aende zake akalale mapema.

Huko milimani Upare walikuwapo watu watatu. Kajiru alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Shangazi yake, Nakijwa, hakupotea njia hata kwenye ukungu mzito. Na jirani yao Togolai alikuwa mtu wa maswali. Walimu wakimwona kwa mbali wanapita njia nyingine.

Wote watatu walimpenda Namkunda, dada yake Kajiru. Binti huyo alisoma chuo cha bondeni, ambako mwalimu husoma daftari lilelile miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wananakili, na mtihani hauwatoi jasho. Namkunda alikuwa wa kwanza kila muhula, na kwa kuchoshwa akakonda. Alitaka kuhamia chuo cha kileleni, kule wanakofikiri mpaka wanasahau kula. Waliohamia huko hawakuwahi kurudi kusimulia. Akang'ang'ania, basi wakamsindikiza.

Asubuhi ukungu ulishuka. Kajiru akatega sikio, akasikia kengele ya chuo, akaonyesha upande. Lakini kengele ile haikumtoka tena masikioni. Dada yake alimwita kwa jina mara tatu, asigeuke.

Shangazi Nakijwa akamshika Namkunda mkono, akawapitisha wote kandokando ya korongo bila mtu kuteleza. Walipofika akaangalia nyuma, akauliza kwa upole kwao ni upande gani. Njia zote zilikuwa zimemtoka kichwani.

Mlango wa chuo ulikuwa umefungwa. Kwenye kidirisha kulionekana mkono mkavu tu, vidole vimejaa wino. Sauti ikasema wanampokea anayekuja na swali wasilolijua jibu lake. Togolai akasogea.

"Mtu akiwasahau waliompenda, bado ni yeye yule?"

Humo ndani kurasa zilikuwa zikifunuliwa. Zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Hilo hatulijui," sauti ikasema. "Tutalisoma kwa binti huyu. Ataingia na jina moja, la mtu atakayemkumbuka. Wengine atawasahau."

Komeo likafunguka. Na maswali yote yakamwisha Togolai. Tangu hapo hakuuliza tena lolote, hata jinsi ya kumrudisha.

Namkunda aliogopa, jamani. Kurudi bondeni angeweza, ila mlango ule haufunguki mara mbili. Mkono ukamsogezea daftari na kalamu. Kajiru alikuwa akitabasamu tu, hasikii ila kengele. Shangazi akamrekebishia Namkunda mtandio begani.

"Usiniandike mimi, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshazeeka."

Kauli hiyo ikamzidishia uzito Namkunda. Bila Kajiru wasingejua pa kuelekea. Bila shangazi wasingefika. Bila Togolai mlango usingefunguka, ingawa swali lake ndilo lililoleta sharti hili. Na kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, asibaki nacho tena.

Akainama, akashika kalamu. Je, wewe ungeandika jina la nani?