Shikamoo za Kumtuliza Kifaru

Hapo zamani za kale, wala si kale mno, maana kamera za kidijitali zilikuwa zimeshafika porini, Bi Pimbi alipata kamera mpya. Basi ikawa haimtoki shingoni, hata akisonga ugali anayo!

Siku moja jirani yake, Bwana Kifaru, akaja mbio. Puh! Puh! Puh!

"Bi Pimbi, niokoe! Mama mgonjwa huko ng'ambo ya mto, anataka kuuona uso wangu, na mto umefurika, siwezi kuvuka. Korongo anaruka adhuhuri. Nipige picha aipeleke!"

"Hilo tu? Simama hapo."

Bi Pimbi akabonyeza kitufe nusu, ili kile kiboksi cha kijani kwenye kioo cha kamera kitafute shabaha kwanza. Bip!

"Nani huyo?" Kifaru akafoka. Nyie mnamjua Kifaru: macho hayaoni mbali, lakini masikio yanasikia hata sisimizi akipiga chafya. Akadhani ni adui, akatimua mbio, pembe mbele.

Picha ikatoka ukungu mtupu. Ya pili, pembe imetoka vizuri, uso haujulikani. Ya tatu, majani.

"Hiki si kichuguu hiki?" Kifaru akalia, akichungulia picha ya kwanza. "Mama atajuaje kama ni mimi?"

"Tulia basi, ndugu yangu!"

"Nimetulia!" akajibu, huku anakanyaga sufuria ya watu.

Korongo alikwishaanza kunyoosha mbawa. Bi Pimbi roho ilimuuma, maana alimpenda jirani yake, na ubishi wake wote. Akamvuta mumewe nyuma ya jiwe, akamnong'oneza. Mume akacheka kwi kwi kwi, akavaa kofia yake nyekundu, akajitokeza.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa!" akasema kwa sauti nyembamba.

Kifaru akasimama tuli, akakodoa macho. Heshima haipokelewi mtu akikimbia, ati!

"Marahabaaa! Hujambo, mwanangu?"

Marahaba ile ndefu ikaifunika bip. Bi Pimbi akakiweka kile kiboksi cha kijani juu ya jicho lenyewe. Kacha!

Mume akazunguka jiwe mbio, akatokea tena kwa sauti nene. "Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Marahabaaa!" Kacha!

Akazunguka tena, safari hii anaongea puani. "Zhikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Marahabaaa! Lo, ukoo mzima umekuja! Watoto wa siku hizi wana adabu jamani!" Kacha!

Picha zikatoka safi, kope moja moja unaziona. Kifaru akaisogeza kamera mpaka puani. "Ni mimi! Ni mimi kabisa!" Korongo akaivaa shingoni, akaruka.

Jioni akarudi na salamu za mama: "Mwanangu, nimekuona, hata uji nimekunywa leo. Lakini hicho kibwana chenye kofia nyekundu kinachoonekana ndani ya jicho lako, mbona kimo kwenye picha zote?"

Kifaru akageuka polepole. Mume wa Pimbi alikuwa bado anahema, kofia kichwani.

"Kumbe ulikuwa peke yako!"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

Kifaru akavuta pumzi afoke. Akakumbuka kwamba mama amekunywa uji.

"Marahaba," akajibu, na machozi yakamtoka.

Basi wanangu, mkubwa hatulizwi kwa amri, hutulizwa kwa heshima.