Fimbo ya Tahadhari

Komeo halitoki nje kugombana. Mmecheka nilipomwambia Mwanakombo hivyo, sasa mnataka kujua yametoka wapi maneno haya. Mimi nilisimuliwa na baharia Mjapani, enzi nilipokuwa mpishi melini. Yalianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha milimani huko Japani, mjane aitwaye Otsune alitunza ghala la mbegu za mpunga za kijiji kizima. Mlango wake aliukomea kwa ndani kwa gongo nene la mti. Wenyewe huliita yojinbo, yaani fimbo ya tahadhari.

Mwaka mmoja wezi walilivunja gongo hilo wakaiba nusu ya mbegu. Otsune akamwajiri Heizo, mpiga upanga aliyefukuzwa na bwana wake, kwa ujira wa chakula.

"Nisimame wapi, mama?" Heizo aliuliza.

"Pale lilipokuwa gongo langu."

Siku ya tatu asubuhi, wanakijiji wakiwa msituni kukata kuni, wanaume watatu walisimama mbele ya ghala. Hawakugusa mlango. Walitukana tu.

"Heizo! Bwana wako alikufukuza kwa woga! Leo unajificha nyuma ya mwanamke?"

Heizo akashika upanga kwa hasira, mkono wa pili ukaenda mlangoni.

"Bwana Heizo," Otsune, aliyekuwa naye mle ndani, alisema taratibu, "gongo langu lilipigiwa kelele na upepo miaka ishirini. Uliwahi kusikia limetoka kwenda kuujibu?"

Heizo akauachia upanga. Kisha akaketi, mgongo mlangoni, miguu akaikaza kwenye nguzo. Matusi yakaendelea, hata mama yake marehemu hakusazwa. Machozi yalimtoka, lakini hakuinuka. Mwisho wezi wakaanza kuupiga mlango mateke. Kishindo kikafika msituni, wanakijiji wakaja mbio na mashoka.

Wale watatu walikimbia. Na pembeni mwa mlango, wakachomoka wengine wanne waliokuwa wamejibanza ukutani! Walikuwa wakingoja ufunguliwe tu.

Tangu hapo watoto wakamwita Heizo Yojinbo. Mwanzoni alinuna.

"Mama, mimi ni fimbo?"

"Nenda shambani ukatazame," Otsune akamjibu.

Akaenda. Miche ya zile mbegu alizozilinda ilikuwa imeota, kijani kitupu hadi ukingoni mwa mto. Jina hilo hakulikataa tena, na baharia yule aliniambia kwao hata leo mlinzi wa mtu huitwa hivyo.

Basi, Mwanakombo, waache watukane. Komeo halitoki nje kugombana.