Dari la Bwana Ngiri

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na nyumba!
Juu ya nyumba?
— Bati!
Chini ya bati?
— Dari!
Na baina ya bati na dari mna nini?
— Hatujui!

Hamjui? Basi nyamazeni niwaambie. Na wewe uliyekaa mlangoni, funga huo mlango, joto linatoka.

Hapo kale, kwenye mlima wenye ukungu, Ngiri alikuwa na nyumba kuukuu aliyoachiwa na babu yake. Kuta nene, bati juu, dari la mbao chini ya bati. Ngiri mwenyewe alikuwa na meno yaliyopinda na tumbo lisiloshiba. Kila alichokiona alisema ni chake. Mto, wangu! Viazi, vyangu! Hata ukungu ukipita, wangu!

Darini alikaa Bi Pimbi na wanawe watatu. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, manyoya tele, mkia hana. Alitandika nyasi kavu dari zima, akakaa kimya, wala hakumsumbua mtu. Siku moja Ngiri akasikia huko juu, kri kri kri.

"Nani huyo?"

"Ni sisi, bwana. Mimi Pimbi na wanangu. Tuko humu tangu enzi za babu yako."

"Dari la nani?"

"Lako, bwana."

"Basi tokeni! Hata buibui wa humo ni wangu!"

Akawatoa nje, na nyasi zao akazitupa nje. Akafagia dari, fya fya fya, likang'aa. Bi Pimbi akaenda na wanawe mwambani, penye upepo, na kipupwe hicho kinaingia. Kitindamimba wake, Tunu, akaanza kukohoa, koho koho koho. Bi Pimbi akamkumbatia, roho ikamuuma. Alijua mtoto yule hataumaliza msimu wa baridi pale juu ya mawe.

Huku nyumbani Ngiri akawasha moto. Akatetemeka. Akaongeza kuni. Akatetemeka zaidi. Akatazama uvunguni, akatazama nyuma ya mlango, akauliza kwa sauti:

"Moto mkubwa, kuni tele, joto linakwenda wapi?"

Akatoka nje, akapanda mpaka mwambani.

"Shikamoo, Bwana Ngiri," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba. Joto langu limeibiwa! Umeliona?"

"Nimeliona. Limepita hapa sasa hivi, linakwenda juu."

"Juu? Kufanya nini?"

"Ndiyo tabia ya joto, bwana. Hupanda. Hupenya mbao, hupenya bati, likaenda zake. Dari lako tupu, halina cha kulizuia."

"Nilizuie kwa kitu gani?"

Hapo Bi Pimbi angeweza kujibu neno moja tu: nyasi. Lakini Ngiri angerudisha nyasi, na Tunu angebaki mwambani. Bi Pimbi akakuna sikio.

"Mbona hapo pagumu," akasema. "Tujaribu. Wewe pika uji, tia kibuyuni. Kibuyu tutakifunika na kitu, tukiache nje kwenye ukungu mpaka jua litoke. Kitu kitakacholinda joto la uji ndicho kitakacholinda joto la nyumba."

Ngiri akakubali upesi, maana alikuwa amesikia neno uji.

Kwanza wakachukua maranda kwa Kigogota, yule ndege fundi wa mbao. Kibuyu ndani ya kapu, maranda juu yake.

"Yanatosha, bwana. Yaache yalegee."

"Kutosha ni neno la maskini!" Ngiri akaongeza maranda, akapanda juu ya kapu, akashindilia. Ndi! Ndi! Ndi!

Jua likatoka. Ngiri akaonja. "Pfu! Umepoa! Uji uliopoa sinywi!"

Wana wa Pimbi wakaunywa. Fyoo, fyoo, fyoo.

Mara ya pili wakachuma sufi mtini, laini, nyepesi, inaruka ukiipulizia.

"Inatosha, bwana. Iache ilegee."

"Kutosha ni neno la maskini!" Ndi! Ndi! Ndi! Sufi ikalala kama chapati.

Jua likatoka. "Pfu! Umepoa!"

Fyoo, fyoo, fyoo.

Mara ya tatu wakaomba manyoya kwa Kondoo. Manyoya mazuri jamani, mazito, yamejaa hewa. Ngiri akanyoa nusu ya kundi.

"Yanatosha, bwana."

Alisema nini Ngiri?
— Kutosha ni neno la maskini!
Akafanyaje?
— Ndi! Ndi! Ndi!

Na uji ukapoa, na wana wa Pimbi wakanywa, na mashavu ya Tunu yakaanza kujaa. Ngiri akakaa chini, akakinusa kibuyu, akakigeuza, akachungulia ndani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka kujua jambo kuliko alivyotaka kula.

"Bi Pimbi, hakuna kitu kingine?"

"Kipo kimoja. Lakini ni cha wanyonge, hakikufai."

"Kitafaa! Kitakuwa changu!"

Bi Pimbi akakiweka kibuyu chini, akawaita wanawe. Wakakizunguka, wakajikunyata, manyoya kwa manyoya, hata kibuyu kisionekane. Ngiri akainua mguu ashindilie.

"Nga!" Tunu akamwonyesha meno.

"Hiki hakishindiliwi, bwana," akasema Bi Pimbi. "Huuma."

Ngiri akashusha mguu. Jua likatoka. Akabugia uji mara moja. "Shhhh! Ulimi wangu! Wa moto! Wa moto!" Akaruka huku na huku kwa furaha. "Hiki ndicho cha dari langu! Kipandishwe leo!"

"Bwana, sisi tumeshauzoea mwamba…"

"Pandeni!"

"Na chini yetu zitandikwe nyasi, nyingi, zilizolegea."

"Nitaleta!"

"Na vile vitundu vya ukingoni mwa bati usivizibe. Nyumba kuukuu isipopumua, mbao huoza."

"Sivizibi!"

"Tena, bwana, manyoya hupoa tumbo likiwa tupu."

"Basi nitalilisha dari langu!" Na kweli akalilisha. Asubuhi viazi, jioni majani mabichi.

Kipupwe kikaja na upepo wake. Chini Ngiri akalala karibu na moto, tumbo juu, akijisifu: "Dari la nani linakoroma kama langu?" Darini joto likapanda, likapenya mbao, likakuta nyasi, likakaa. Tunu hakukohoa tena. Akamgeukia mama yake.

"Mama, sisi ndio tunaompasha joto Bwana Ngiri, au yeye ndiye anayetupasha?"

"Lala, mwanangu. Maswali mazuri huulizwa kwa sauti ndogo."

Mmesikia? Funzo la ngano hii ni kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye akili. Nyumba ni yake, kuni ni zake, viazi ni vyake, hata dari ni lake. Bi Pimbi hana hata msumari, maskini wa Mungu.

Ngano yangu nimeipandisha darini. Nimeilegeza, sikuishindilia. Atakayeona baridi apande aichukue. Na wewe wa mlangoni, mlango huo!